Safari na Haja ya Msafiri

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaifanya nyepesi kwa waja wake kuitembea, na akaziendesha pepo za kaskazi na za kusi kwa amri yake. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeuhama mji alioupenda kwa ajili ya dini yake, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu, wengi katika nyinyi mwanijua kuwa ni mtu wa kusafiri. Wako waniulizao kwa mapenzi, na wako waniulizao kwa kunilaumu: "Sheikh, wewe una chuo chako na wanafunzi wako, msikiti u mlangoni pako, na umri umekwisha pita miaka 50. Watafuta nini njiani?" Swali hili ni la haki, na jawabu lake nimelichelewesha miaka mingi kwa kuwa ndani yake mna aibu yangu. Leo nataka kulijibu, na aibu yenyewe nitaitaja, kwani mwenye kuwahubiria watu akajificha nafsi yake huwa amewauzia nusu ya bidhaa.

Jueni kwanza ya kwamba sisi watu wa madhehebu ya Imamu Shafi hatumhesabu kila atokaye mjini kwake kuwa ni msafiri wa kupewa ruhusa za msafiri. Twataka safari iwe ya marhala mbili, nazo kwa hesabu ya leo ni kilomita 80 na zaidi kidogo. Twataka isiwe safari ya maasi. Na twataka mtu ajue aendako, kwani yule azungukaye na dunia asijue anaelekea wapi, hata akizunguka mwaka mzima, hapunguzi sala. Na Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, babake Imamul Haramayn, alikwenda mbele zaidi akasema kwamba kusafiri kwa ajili ya kuiona miji na kuitazama tu si katika makusudio yaliyo sahihi. Nalipolisoma neno hili mara ya kwanza, nikiwa kijana, lilinichoma, kwa sababu nalijijua. Mimi tangu utotoni, nikikaa barazani chuoni na lauhu yangu mapajani, chombo kikipita mlangoni mwa bandari nalikuwa nikiacha kusoma nikalitazama tanga mpaka lipotee, na bakora ya mwalimu ndiyo iliyokuwa ikinirudisha.

Ni kweli kwamba Qurani imetuamrisha, si mara moja, tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Lakini amri hiyo haikuishia katika kutembea. Imefungwa na kutazama, na kutazama kumefungwa na kuzingatia. Ng'ombe naye hupelekwa kutoka malisho haya mpaka malisho yale, na macho anayo. Basi swali la Sheikh Abu Muhammad lingali liko pale pale mbele ya kila mmoja wetu atakaye kufunga mzigo: haja yako ni nini?

Nitawapa haja yangu kama nilivyoipata, wala sikuipata kitabuni.

Nalikuwa na umri wa miaka 30 na kitu, nami nimekwisha somesha fiqhi madrasa kwa miaka 8, alipofariki ami yangu huko Ujiji, karibu na Kigoma. Nikatakiwa niende nikasimamie mirathi yake. Nikapanda gari la moshi Dar es Salaam pamoja na mwanafunzi wangu mmoja, tukaipita reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Na nalikwenda na kiburi, ndugu zangu. Sisi watu wa pwani twadhani kwamba dini ilishuka kwetu, na watu wa bara wameokota makombo tu yaliyodondoka katika misafara ya babu zetu. Hatulisemi neno hili, lakini lionekane katika namna tunavyokunja kanzu tukiketi nao.

Tulifika Jumatano asubuhi. Msikitini waliiona kofia yangu ya kazi ya mkono na joho langu, wakanitanguliza niwasalishe. Nikawaambia kwamba mimi ni msafiri, nasali rakaa mbili, nao wakamilishe zao. Nikafanya hivyo Jumatano, nikafanya hivyo Alkhamisi. Ijumaa, katika sala ya alasiri, alisimama nyuma yangu mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuuza dagaa. Na dagaa wa ziwa lile mwawajua, huvuliwa usiku kwa taa wakaanikwa mchangani, na harufu yao haimtoki mtu kwa kuoga mara moja. Siku ya kwanza mzee huyu alikaa ubavuni pangu wakati wa nyiradi, nami nikausogeza msala wangu. Nasema nikausogeza. Hakuna aliyeona ila Mwenyezi Mungu na mimi, na labda yeye mwenyewe.

Baada ya alasiri hiyo akanifuata nguzoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Sheikh, samahani sana. Mimi sikusoma kama ulivyosoma wewe. Nataka kujua tu, utakaa kwetu siku ngapi?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, shughuli ya mirathi haina siku maalumu. Yaweza kwisha kesho, yaweza kwisha keshokutwa. Na mtu wa namna hiyo hupunguza sala mpaka siku 18." Nikalisema hilo kwa utamu wa mtu asomeshaye.

Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na tikiti ya kurudi umekwisha kata?"

Nikasema, "Ndiyo, ya Alkhamisi ijayo."

Akasema, "Basi siku yako inajulikana, Sheikh." Akatazama chini asinitazame usoni.

Naapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba nalihisi kama niliyemwagiwa maji. Hakika masala yenyewe ni haya: mtu akifika mahali naye amekusudia kukaa siku 4 kamili, ukiitoa ile ya kuingia na ile ya kutoka, basi safari yake imekatika tangu afikapo, naye ni kama mkaazi, hapunguzi. Mimi nalikuwa na siku 7 kamili, zimeandikwa katika karatasi iliyo ndani ya mfuko wangu. Ile ruhusa ya siku 18 ni ya mtu asiyejua ataondoka lini, mwenye kusema kila siku, leo au kesho. Mimi nalijua. Na masala haya nimeyasomesha miaka 8, nawapiga watoto kwa kuyakosea! Lakini nalikuwa nimeyasomesha nikiwa nimekaa kwetu, sijapata kuyahitaji hata siku moja. Yalikuwa yamepita ulimini, hayajapita mwilini. Nafsi yangu ilipopata rakaa mbili nyepesi, ikajitafutia mlango, na ilimu yangu ndiyo iliyoufungua mlango huo.

Nikahesabu: sala tatu za Jumatano, tatu za Alkhamisi, na hiyo alasiri. Sala 7. Nikazilipa hapo hapo msikitini, rakaa nne nne. (Wale walionifuata sala zao hazikuharibika, kwa kuwa hawakuijua nia iliyo kifuani mwangu, nalitaja hili ili mtu asije akafadhaika kwa mfano wake.) Mwanafunzi wangu alikaa pembeni asiniulize kitu, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko kuulizwa.

Lililobaki lilikuwa kuwaambia watu. Shetani akanijia na hoja nzuri kabisa: akasema ukiwaambia utavunja heshima ya ilimu, na heshima ya ilimu ni heshima ya dini. Mwaliona namna anavyosoma, huyu! Baada ya magharibi nikasimama, na magoti yangu yalitetemeka kuliko siku ya kwanza niliyopanda mimbari, nikawaeleza kosa langu na nikamtaja aliyenizindua. Imamu wa msikiti ule, mzee mkongwe, alisema maneno machache tu: "Mungu akulipe kheri, Sheikh. Haya, twende tukale." Tukala wali kwa dagaa, sahani moja, mimi na yule mzee, bega kwa bega.

Hiyo ndiyo haja yangu. Hapa kwetu hapana wa kuniuliza kuhusu tikiti. Watu wamjua babangu, walimjua na babu yangu, wananiamkia kwa kunibusu mkono, na nikikosea husema, "Sheikh ana dalili yake." Mtu aliyekaa mahali pamoja katika hali kama hiyo miaka 20 hugeuka kuwa kama maji ya mtungi uliofunikwa: safi kwa kutazama, na ndani yamo yaliyomo. Imamu Ghazali, aliyekiwekea safari kitabu kizima katika Ihya yake, ameeleza kwamba jina lenyewe la safari katika Kiarabu latokana na kufunua, kwa kuwa huzifunua tabia za watu. Naye hakusema hilo bila ya kulionja, kwani mwaka 488 H. (1095) aliiacha kazi yake tukufu ya kusomesha katika Nidhamiya ya Baghdad akatoka kwenda Sham na Baitul Mukaddas na Hijazi. Watu wengi hulitaja neno hilo la kufunua wakikusudia tabia za wenzao: safiri na fulani utamjua. Nami nasema, safiri peke yako, ujijue wewe.

Sasa tumtazame Imamu wetu mwenyewe, ambaye twajinasibisha naye kila siku bila ya kuyaangalia maisha yake. Imamu Shafi alizaliwa Ghaza mwaka 150 H. (767). Akachukuliwa mdogo kwenda Makka. Akatoka Makka kwenda Madina kwa Imamu Malik naye amekwisha ihifadhi Muwatta. Akaenda Yaman. Mwaka 184 akaletwa Baghdad mbele ya Harun Rashid akiwa mtuhumiwa, roho yake mkononi. Mwenyezi Mungu akamwokoa, naye badala ya kuukimbia mji ule akakaa akasoma kwa Muhammad bin Hasan, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa. Akarudi Makka, akarudi tena Baghdad mwaka 195, akasomesha, akaandika, wakamzunguka wanafunzi wakubwa kama Zaafarani na Karabisi. Hapo ilimu yake ilikuwa imetimia kwa macho ya watu. Lau angalikaa kitako akaila heshima yake, nani angalimlaumu?

Mwaka 199 akahamia Misri, na umri wake ni miaka 49, karibu na umri wangu huu nilio nao. Na huko Misri akayarudia yale aliyokwisha yasema na kuyaandika Iraki, akayapitia moja moja. Aliloliona bado ni sawa akaliacha, na aliloliona si sawa akalibadilisha mbele ya watu wote. Hapo ndipo tulipopata sisi kusema kauli ya kale na kauli mpya, na hii mpya ndiyo waliyoipokea Buwayti na Muzani na Rabii, na ndiyo tunayoifuata. Wako wasemao kwamba alibadilisha kwa sababu ada za Misri zilikuwa nyengine. Kauli hiyo peke yake haitoshi, kwani kule alisikia hadithi ambazo hakuwa amezisikia, akakutana na wanavyuoni ambao hakuwa amejadiliana nao, na fikira yake mwenyewe ilikuwa imekomaa. Vyovyote iwavyo, natazama jambo moja: mtu mwenye madhehebu yaliyokwisha enea, wanafunzi wake wanayasomesha kwa jina lake, aseme, nalikosea katika hili. Mimi nalitetemeka kwa sala 7 mbele ya safu nne za watu. Miaka 5 baadaye, mwaka 204, akafariki huko huko Misri, na kaburi lake liko Qarafa hata leo.

Na msidhani kuwa kila lipatikanalo njiani ni bora kuliko lililoachwa nyumbani. Katika kauli mpya, Imamu alisema kwamba wakati wa magharibi ni mfinyu, kiasi cha kutawadha na kuadhini na kukimu na kusali. Na katika ile ya kale, wakati wake waendelea mpaka kutoweka wekundu wa mbinguni. Maulamaa wetu, na Imamu Nawawi ni katika wao, waliipa nguvu ile ya kale kwa sababu ya hadithi sahihi. Basi kila jioni muisalipo magharibi na wakati ungali wasaa, mwatumia neno ambalo msafiri aliliacha nyuma, wanafunzi wake wakalirudia.

Pwani yetu hii nayo imejengwa na wasafiri. Ibn Battuta, Mmaghribi wa madhehebu ya Malik, alipita hapa mwaka 1331, akalala Mombasa usiku mmoja kisha akaendelea mpaka Kilwa, naye ameshuhudia kwamba watu wa Mombasa ni Mashafi, na kwamba misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Usiku mmoja tu, na ushahidi wake umebaki karibu miaka 700, kwa kuwa alitazama. Nami nimekaa Kilwa Kisiwani ndani ya msikiti ule mkubwa wa makuba, adhuhuri, hapana mtu ila mijusi, katika mji ambao dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwake na ambao Mreno aliuteka mwaka 1505. Na katika walio karibu nasi, Sayyid Ahmad bin Sumait alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akasafiri Hadhramaut na Istanbul na Misri na Makka, akawa kadhi wa Unguja mpaka kufa kwake mwaka 1925. Watu kama hawa hawakutoka ili warudi na picha. Leo mtu huenda mpaka mbele ya Kaaba akaipa mgongo apate kujipiga picha kwa simu yake. Basi huyo sijui amekwenda wapi.

Nimesema nitaitaja aibu yangu, na ile ya Ujiji si kubwa. Kubwa ni hii.

Miaka michache baadaye nalipata hamu ya kwenda Ngazija. Niliwaambia watu kwamba naenda kuzuru makaburi ya masheikh na kukutana na wanavyuoni, na hilo lilikuwemo. Lakini moyoni nalitaka kuuona mlima wa moto wa Karthala, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,300, na kuona bandari na watu wapya. Ulimi ulikuwa na haja moja, moyo una haja nyengine. Nalimwachia mke wangu masurufu ya siku 12, nikakaa siku 25. Kila siku nikijiambia, kesho. Na sasa mwalijua neno hilo.

Niliporudi nalimkuta ananitengea chakula kama ada. Nikauona mkono wake wa kulia mtupu. Palikuwa na bangili ya dhahabu hapo, aliyovishwa na mamake siku ya harusi, na mamake amekwisha fariki. Nikamwuliza, "Bangili iko wapi?" Akasema, "Watoto wamekula, alhamdulillahi." Hakuongeza. Nalikwenda mbio kwa sonara, naye akaniambia kwamba amekwisha iyeyusha. Nikamnunulia nyengine baada ya miaka miwili, nzito kuliko ile. Aliipokea, akashukuru, na huivaa sikukuu. Lakini ile haikurudi, wala mimi siwezi kuitazama hii bila ya kuiona ile.

Ndugu zangu, sheria haikuficha kitu. Masurufu ya mke na watoto ni wajibu, na ziara ya makaburi ni sunna, na kuutazama mlima ni pumbao. Nami nalikuwa nimeupindua mpango wote juu chini, na kilemba kichwani. Deni lililokwisha fika muda wake halimruhusu mdeni kusafiri bila ya idhini ya mwenye haki. Wazee wataka kuombwa radhi. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba safari ni fungu la adhabu, yamzuia mtu chakula chake na kinywaji chake na usingizi wake, na akaamrisha kwamba mwenye kumaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Nalikuwa nikiisoma hadithi hii nikidhani ni huruma kwa msafiri. Sasa naiona kuwa ni huruma kwa aliyebaki nyumbani pia.

Basi mimi naipenda safari, wala sitasema uongo kwamba mapenzi hayo yamekufa. Tanga likipita bado nageuza shingo. Naipenda kwa kuwa mgeni hana cheo, hula anachopewa, huuliza njia kwa mtoto mdogo. Na kwa kuwa dua ya msafiri ni katika dua zinazotarajiwa kujibiwa. Na kwa kuwa nimekula chakula cha watu wengi nisiowajua, wala sina njia ya kuwalipa ila kumfungulia mlango kila mgeni agongaye kwangu. Lakini siku hizi, kabla ya kukata tikiti, namwambia mke wangu niendako, siku nitakayorudi, na namwonyesha fedha nimwachiayo akaihesabu mwenyewe. Kisha huniuliza swali lile lile la Sheikh Abu Muhammad, naye hajapata kukisoma kitabu chake: "Bwana, mwenda kwa haja gani?" Mara nyengine namjibu. Mara nyengine nafikiri, kisha nafungua mzigo.

Mwezi ujao, Mwenyezi Mungu akipenda, nakwenda Ujiji. Yule mzee wa dagaa amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mwanawe ananiita nikae naye siku 3. Swali la nyumbani nimekwisha ulizwa, na jawabu nalikuwa nalo.

Wa billahi ttawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.